Winga ana pumzi, pikipiki yake haina

Kila msimu wa ligi za wilaya na mikoa nasikia makocha wakilia kilio kile kile: wachezaji hawaji mazoezini. Kocha atakwambia vijana hawana nidhamu, wamelewa sifa za ndondo, wanakesha na simu. Wakati mwingine ni kweli. Lakini mfuatilie winga wake siku moja tu. Asubuhi yupo kijiweni anapakia abiria, jioni ndo anavaa njumu. Injini ya pikipiki ikigoma, hesabu ya bosi haigomi. Itabidi ahangaike usiku na mchana kuitafuta, na kitu cha kwanza kukatwa kwenye ratiba ni mazoezi.

Kwa hiyo leo kurasa za michezo zinivumilie, naongelea pistoni.

Nazungumzia hizi pikipiki kuukuu za silinda moja ambazo vijana wengi wanazimudu. Nyingi ni za Kichina, SanLG na ndugu zake, zilizojaa mitaani kabla Boxer na TVS hazijateka vijiwe. Watu wanaziita takataka. Mimi nakataa. Injini nyingi za aina hiyo zimefuata ramani ya Honda CG125, iliyoingia sokoni mwaka 1976. Honda waliisanifu wakiwa na picha ya mtu anayebeba mizigo kwenye vumbi na anayesahau sevisi. Valvu zinasukumwa na fimbo badala ya cheni ndefu ya kupanda juu ya kichwa, vitu vinavyohitaji kurekebishwa ni vichache, na fundi mwenye spana za kawaida anaishusha na kuifunga bila makeke. Ni beki wa kizamani: hana mbwembwe ila anacheza misimu kumi.

Sasa kwa nini nyingi zinatoa moshi? Kwa sababu zikianza kuchoka tunazipiga sindano ya ganzi.

Sindano yenyewe ni ringi. Pikipiki inakula oili, jamaa anaenda kwa fundi, fundi anafungua, anatoa ringi za zamani, anapachika mpya, anafunga. Bei poa, jioni hiyo hiyo mtu yuko barabarani. Baada ya wiki chache moshi umerudi, na safari hii injini inagonga. Ni yale yale ya straika kuchomwa sindano Jumamosi acheze fainali, Jumatatu hawezi hata kushuka ngazi.

Silinda hailiki sawasawa, hapo ndo penye siri. Wote tumecheza viwanja vya mchanga, tunajua mbele ya goli panavyogeuka bakuli wakati kwenye kibendera cha kona nyasi bado zimesimama. Ndani ya silinda ni hivyo hivyo. Sehemu ya juu, pale pistoni inapogeuza kurudi chini, joto ni kali na oili haitoshi, kwa hiyo panalika zaidi kuliko kwingine. Duara linaanza kuwa yai. Ringi mpya ni ya duara. Ukiiweka kwenye yai inagusa huku, inaacha upenyo kule, oili inapanda na kuungua. Mbaya zaidi, pale juu huwa kumejitengeneza kingo, na ringi mpya ikiigonga inaweza kukatika. Ikikatika, umeongeza tatizo kwa hela yako mwenyewe.

Kabla ya kufungua chochote, soma moshi. Mweusi mara nyingi ni petroli imezidi hewa, kwa hiyo angalia kabureta na kichujio cha hewa. Wa bluu ndo oili inaungua. Ukitoka asubuhi unapowasha halafu ukakata, mshukiwa wa kwanza ni sili za valvu, na hiyo kazi ni ndogo. Ukikufuata kila unapovuta mafuta, hasa kwenye mlima na abiria nyuma, basi ringi na silinda zina kesi ya kujibu. Fundi makini atapima mgandamizo kwa geji, atadondosha oili kidogo kupitia tundu la plagi, atapima tena. Namba ikipanda, pumzi ilikuwa inapotelea kwenye ringi. Ikibaki pale pale, ageukie valvu. Ni dakika chache tu, na zinaokoa hela nyingi.

Kama silinda imekuwa yai, inachongwa upya na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Kwa CG zipo za kuongeza 0.25, 0.50, 0.75 na 1.00 ya milimita. Yaani silinda moja ina sabu nne kwenye benchi. Halafu unakutana na mtu anaruka kutoka saizi ya kawaida mpaka 1.00 kwa kuwa duka alilokwenda lilikuwa na hiyo tu! Kamaliza sabu zote dakika ya kumi. Zunguka maduka, subiri siku mbili, ununue saizi inayoendana na vipimo. Na pistoni itangulie kufika kwa mchongaji, achonge kwa kuipima yenyewe, asichonge kwa kukisia.

Najua wapo wanaosema siku hizi kuchonga ni ushamba, nunua bloku jipya na pistoni yake kwenye boksi moja. Sina ugomvi nao. Kwa pikipiki za Kichina hilo linaweza kuwa rahisi kweli, mradi bloku lisiwe feki. Ugomvi wangu ni na anayefunga bloku jipya juu ya krenki mbovu. Wakati injini iko wazi, shika konrodi, livute juu na chini. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida yake. Likicheza juu na chini, beringi yake imekwisha, na pistoni mpya itaenda kugongeshwa mpaka inoki. Hapo bili inapanda, maana krenki ya aina hii imeshikanishwa kwa nguvu ya presi, haibadilishwi beringi kwa nyundo chini ya mwembe.

Tuje kwenye hela. Tuseme kazi yote, bloku, pistoni, krenki, gasketi, oili na ufundi, imefika shilingi 300,000. Kijana anaogopa, anaiuza pikipiki kama chuma chakavu, anachukua mpya kwa mkataba. Tuseme mkataba ni 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka mzima. Hiyo ni 3,120,000. Injini aliyoikimbia ingemgharimu hesabu za siku 30 tu. Weka bei za mtaani kwako, ila piga hesabu kabla hujasaini. Kama kesi ya injini imepasuka au fremu imepinda, sawa, achana nayo. Moshi peke yake si sababu.

Na hapa nawageukia viongozi wa timu. Mnachangisha jezi mpya kila msimu, mnaweka na jina mgongoni. Kwa nini mfuko wa timu usimkopeshe mchezaji hela ya kushusha injini, akarudisha kidogo kidogo kila wiki? Winga anayelala bila deni la hesabu atakuja mazoezini. Jezi ya mwaka jana inafulika, timu haiwezi kukaa mwezi mzima bila winga kwa sababu ya beringi.

Masharti ya mkopo yawe mawili. La kwanza ni oili. Injini hizi zinabeba takriban lita moja tu, na hiyo hiyo inahudumia pistoni, gia na klachi. Ikipungua hakuna akiba. Icheki kila asubuhi, imwage kwa wakati, na tumia ya pikipiki, maana baadhi ya oili za magari zinafanya klachi iteleze. Wakati wa kushusha, fundi asafishe na kile chujio cha wavu pamoja na kikombe cha kwenye krenki kinachokusanya uchafu. Wengi hawavigusi kabisa.

La pili, injini ikitoka kwa fundi haipelekwi mbio siku hiyo hiyo. Ipewe mwendo wa kupanda na kushuka, isibanwe mafuta mpaka mwisho, na oili ya kwanza imwagwe mapema kwa sababu ndo inabeba unga wa chuma. Mechi ya ugenini ikiangukia wiki hiyo, mishikaki marufuku: kipa, beki tatu na lile fuko la mipira wapande daladala.