Wembe Usiokuwamo Ndani ya Tufaha

Wako miongoni mwetu watu wenye elimu ambao, kila tuzungumzapo habari ya mila kupotea, hutujibu kwa utulivu kwamba mila hufa zenyewe kama jani likaukavyo. Fikira hii ni ya uvivu, nami nakusudia kuipinga kwa mfano usio wetu, ili asitokee wa kusema kwamba namtetea mtoto wangu kwa kuwa ni wangu. Mfano wenyewe ni sikukuu ya Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba, na vile vitafunio vya kutisha ambavyo baadhi ya wazazi wa Marekani na Ulaya huviandaa jikoni pamoja na watoto wao.

Kwao Ireland, sikukuu hiyo ilikuwa ya jikoni. Kwa kuwa ni mkesha wa Watakatifu Wote, Wakatoliki walijinyima nyama. Wakaponda viazi kwa kabichi, wakala matufaha na kokwa, wakaoka mkate wa zabibu kavu uliofichwa ndani yake pete, sarafu na kipande cha kitambaa. Mwenye kupata pete alitabiriwa ndoa, mwenye sarafu utajiri, na mwenye kitambaa ufukara. Mwaka 1833 mchoraji Daniel Maclise aliionyesha karamu ya namna hiyo katika picha iliyopewa jina la mchezo wa kudaka matufaha kwa meno. Taa za sura za kutisha zilichongwa katika mizizi minene ya jamii ya figili. Watu wa Ireland waliohamia Marekani, wengi wao wakiikimbia njaa kuu ya 1845 hadi 1852, walikuta huko maboga, makubwa zaidi na rahisi kuchonga.

Hata katika karne ya 20, watoto wa Marekani waliopita nyumba kwa nyumba walipewa matufaha, kokwa, keki zilizookwa na mama wa nyumba, au bisi zilizofinyangwa kwa asali ya miwa. Leo hupewa peremende za kiwandani, kila moja ndani ya karatasi yake. Je, tufaha lilikufa lenyewe?

La, hasha! Tufaha lilisingiziwa. Kuanzia miaka ya 1960 ulienea uvumi kwamba wageni wabaya huficha nyembe ndani ya matufaha na kutia sumu katika keki. Magazeti yakaukuza, wazazi, kwa mapenzi yao, wakatupa kila kilichotoka katika jiko la jirani. Mwaka 1985 wanazuoni Joel Best na Gerald Horiuchi walichapisha uchunguzi wao wa habari za magazeti tangu mwaka 1958: hawakupata hata kisa kimoja kilichothibitika cha mtoto kuuawa au kujeruhiwa vibaya na mgeni kwa njia hiyo. Mtoto aliyeuawa Texas mwaka 1974 alitiliwa sumu na baba yake mzazi aliyetamani fedha za bima, tena sumu hiyo ilikuwa ndani ya peremende ya dukani! Lakini tufaha lilikwisha kuhukumiwa. Aliyefaidika ni mwenye kiwanda, kwani karatasi yake ndiyo iliyobaki kuaminiwa.

Ndiyo maana siwacheki wazazi wale wanaorudi jikoni. Ndizi hukatwa katikati, ikasimamishwa, ikatiwa macho mawili ya zabibu kavu: mzuka huo. Chenza lililomenywa hupachikwa kijiti cha tango, likawa boga. Pande mbili za tufaha hugandamanishwa kwa siagi ya karanga na kupangwa vipande vya lozi, likawa kinywa chenye meno mabaya. Pilipili hoho huchongwa uso, ikajazwa wali. Mimi ni mtunga mashairi, si mpishi; lakini natambua sitiari niionapo, hata ikiwa juu ya sahani.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilitaka sukari inayoongezwa chakulani isizidi asilimia 10 ya nguvu yote mtu aipatayo kwa siku, mkubwa kwa mtoto. Mfuko wa peremende wa usiku mmoja haujui hesabu hiyo.

Nitaambiwa kwamba kumchezesha mtoto kwa chakula ni kumharibu adabu, na kumwonyesha mizuka ni kumtia woga. Hoja ya kwanza haina uzito: mtoto aliyemenya na kupanga kwa mkono wake hatupi. Ya pili inawastaajabisha wote waliolelewa kwa ngano za Kiswahili. Wazee wetu hawakuwaficha watoto zimwi. Walilileta kila usiku, kubwa, lenye njaa, na mtoto akalala akiwa amekwisha kuliona likishindwa. Mtoto wa Ireland au wa Ohio aung'ataye mzuka wa ndizi afanya jambo lile lile.

Woga unaostahili kuwekwa jikoni ni mwingine. Kisu akishike mzazi. Walio chini ya miaka 5 wasipewe kokwa nzima wala karanga nzima, maana hupalia. Na zabibu mbichi zikatwe kwa urefu, vipande vinne kila moja, kabla hazijageuzwa macho ya bundi.