NYUMBA ZA KODI NAFUU: TUJENGE ZA KUPANGISHA, SI ZA KUUZA TU

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Katika jiji la Dar es Salaam milango mizuri twaiona mingi. Maghorofa mapya yanainuka Kawe, Upanga na Kariakoo, nayo yapendeza macho. Lakini kuingia ndani ndiyo kazi, maana aghalabu nyumba hizo ni za kuuzwa, au kodi yake ni ya mtu mwenye mshahara mkubwa. Fundi cherehani, mama lishe, mlinzi wa usiku na mwalimu aliyeanza kazi juzi huzitazama kwa mbali, kisha wakapanda daladala kwenda zao Mbagala.

Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze kwa nini nyumba za kodi nafuu ni haba, na jambo gani, kwa maoni yangu, lafaa kufanywa.

Kwanza tuitazame haja yenyewe. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu katika jiji hili watu wapatao 270,000. Sensa ya 2012 ilihesabu zaidi ya 4,360,000 katika mkoa, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 5,380,000. Basi katika miaka kumi tu waliongezeka watu milioni moja, nao wote walitaka pa kulala. Wengi wao hawana nyumba zao wenyewe. Hupanga chumba kimoja au viwili katika nyumba ya Kiswahili tuijuayo sote: vyumba vitatu huku, vitatu huko, ukumbi katikati, na uani choo, jiko na kamba ya nguo. Nyumba hizo za Manzese, Tandale, Buguruni na Temeke ndizo zilizoibeba Dar es Salaam. Wengi waliozijenga si matajiri, bali ni watu wa kipato kidogo walionunua tofali leo na bati mwakani. Kwa hiyo mimi siwalaumu wenye nyumba kwa jumla. Wamefanya kazi ambayo hakuna mwingine aliyeifanya.

Hata hivyo liko jambo moja linaloumiza sana, nalo ni desturi ya kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima mbele. Tuchukue mfano. Chumba ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Mtu apataye fedha kidogo kidogo kila siku anaweza kuimudu kodi hiyo. Lakini aambiwa alete ya miezi sita, yaani 300,000, na dalali naye ataka ya mwezi mmoja, 50,000. Jumla ni 350,000 kabla hajaingiza hata mkeka. Huyu hakushindwa na kodi. Ameshindwa na namna ya kuilipa. Hapo hukopa kwa riba kali, au huhamia mbali zaidi ambako mwenye nyumba hana haraka.

Jambo hili latuhusu hata sisi wanafunzi. Wako wenzetu ambao wazazi wao walihama katikati ya mwaka kwenda Chanika au Kibamba kwa sababu ya kodi, nao wakabaki katika shule hii hii. Huamka saa kumi alfajiri. Kituoni makonda huwakwepa kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ni ndogo. Wakifika, kipindi cha kwanza kimekwisha, na jioni hawana saa ya kusoma. Twasema fulani ni mvivu wa hesabu, kumbe uvivu wake umeanzia kwenye kodi ya nyumba.

Je, Serikali haikufanya kitu? Ilifanya, na yafaa tujue ilifanya nini ili tusirudie makosa. Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, mara tu baada ya Uhuru. Katika miaka ile lilibomoa nyumba za udongo na makuti Magomeni na kwingineko, likajenga nyumba bora mahali pale pale. Nia ilikuwa njema, lakini gharama ilikuwa kubwa, na mara nyingi nyumba moja ilivunjwa ili ijengwe moja, hata idadi isiongezeke sana. Katika miaka ya 1970 mwendo ukabadilika. Vikapimwa viwanja vyenye barabara na maji Sinza na Kijitonyama, watu wakajenga wenyewe, na Manzese ikatengenezwa bila kubomolewa yote. Hilo lilikuwa jambo la busara.

Kisha sheria ya mwaka 1971 ilitwaa majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi ya Msajili ikaunganishwa na Shirika la Nyumba. Basi Shirika likawa na majengo mengi katikati ya jiji, na kwa muda mrefu kodi yake ilikuwa chini sana ya ile ya mitaani.

Hapo tulipata mafunzo mawili. La kwanza, kodi ikiwa ndogo mno hata isitoshe matengenezo, nyumba hufa taratibu: bomba huvuja, lifti husimama, rangi hubanduka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. La pili, kitu cha bei nafuu kikigawiwa bila macho, hupita mikononi mwa wajanja. Wako wapangaji waliompangishia mtu mwingine nyumba ya Shirika kwa kodi ya juu, wakaweka tofauti mfukoni, na wako waliodai kilemba ndipo watoke. Hapo unafuu uliokusudiwa maskini uliliwa na mtu wa katikati.

Wengine kwa kuyaona hayo husema, "Basi Serikali iache kabisa, iuze nyumba zake." Mimi sikubali. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliwauzia watumishi wake maelfu ya nyumba. Waliouziwa walifaidika, lakini watumishi waliokuja nyuma yao walihitaji pa kukaa vile vile, ikabidi zijengwe nyingine kwa gharama mpya. Nyumba ya kupangisha yaweza kuhifadhi jamaa mmoja leo na jamaa mwingine baada ya miaka ishirini. Ikiuzwa humsaidia mtu mmoja mara moja, kisha yaingia sokoni na bei yake hupanda kama nyingine zote.

Tazameni Magomeni Kota. Wakazi wa kaya 644 waliondolewa katika nyumba kuukuu wakiahidiwa mpya. Walingoja karibu miaka kumi, mpaka maghorofa yalipozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Machi 2022. Baadaye wakaruhusiwa kuzinunua taratibu. Mimi siwaonei kijicho hata kidogo. Walingoja vya kutosha. Lakini nauliza: mpangaji mpya wa Magomeni, aliyezaliwa wakati wao wakingoja, atapanga wapi?

Sasa tufike kwenye hesabu, maana maneno matupu hayajengi. Mathalani nyumba ndogo ya familia yagharimu shilingi 30,000,000. Fedha zikikopwa kwa riba ya asilimia 15, riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni 4,500,000, yaani 375,000 kila mwezi. Ongeza kulipa deni lenyewe kwa miaka 30, ambalo ni kama 83,000 kwa mwezi. Jumla ni 458,000. Hapo hakuna mjenzi, hata awe mtakatifu, awezaye kutoza kodi nafuu bila kufilisika. Lakini riba ikiwa asilimia 3, riba ya mwezi ni 75,000, na pamoja na deni jumla ni 158,000. Nyumba ni ile ile, saruji ni ile ile, fundi ni yule yule. Kilichobadilika ni bei ya fedha.

Najua kwamba hata 158,000 ni mzigo kwa muuza mchicha. Basi tusijenge za familia tu. Tujenge na vyumba vyema vya kupangisha, vyenye uani wa pamoja, maji na choo safi. Kama chumba chagharimu 9,000,000 kwa masharti yale yale ya asilimia 3 na miaka 30, malipo ya mwezi ni 47,500. Ongeza kidogo kwa matengenezo, nasi tumekaribia kodi ile ile ya chumba cha mtaani, ila bila miezi sita mbele na bila dalali.

Mtu atauliza, fedha za riba ndogo zitatoka wapi? Wenzetu wa mji wa Vienna, huko Austria, walikuwa na dhiki kubwa ya nyumba baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1923 waliweka kodi maalumu ya majengo, mwenye jumba la fahari akitozwa zaidi sana kuliko mwenye chumba. Kwa fedha hizo mji ulijenga zaidi ya nyumba 60,000 kabla ya mwaka 1934, na wapangaji walilipa kiasi kidogo cha utunzaji. Jambo kubwa ni kwamba mji haukuziuza. Leo mji huo una nyumba zake wapata 220,000. Majirani zetu wa Kenya nao, kwa sheria ya mwaka 2024, wanakata asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri hutoa kiasi kama hicho, kwa ajili ya nyumba za bei nafuu. Zao zaelekea zaidi kwenye kununua, na watu wamenung'unika sana juu ya makato hayo. Sisi twaweza kujifunza kwa wote wawili bila kumwiga yeyote kama kasuku.

Basi mimi naona mambo matano yafaa kufanywa. Kwanza, katika kila nyumba zijengwazo juu ya ardhi ya umma, fungu liwekwe la kupangisha tu, lisiuzwe kamwe. Pili, kuwe na mfuko wa riba ndogo, na majumba ya fahari na viwanja vilivyoachwa tupu katikati ya jiji vichangie zaidi. Tatu, kodi ilipwe kwa mwezi, nayo itoshe matengenezo. Nne, majina ya wapangaji yabandikwe wazi katika ofisi ya mtaa, ili jirani ajue nani alipewa na nani anaishi humo. Tano, nyumba zijengwe karibu na barabara za mabasi yaendayo haraka, si porini ambako mpangaji ataokoa kodi kisha aimalize kwa nauli.

Wapo watakaosema, "Rahisi zaidi ni kukataza kwa sheria kodi kupanda." Tulikuwa na sheria ya namna hiyo ya mwaka 1984, ikafutwa 2005. Kuwakinga wapangaji dhidi ya kufukuzwa ovyo ni haki, na kudai miezi sita mbele kungefaa kuwekewa mpaka. Lakini sheria peke yake haifyatui tofali. Watu kumi wakigombania vyumba sita, wanne watalala nje hata kodi iandikwe ndogo namna gani, na aliye na kilemba ndiye atakayeingia.

Nasi wapangaji na watoto wa wapangaji tuna wajibu wetu. Dawa ya deni ni kulipa. Ajengewaye nyumba ya umma akakaa miezi bila kulipa, huku ana uwezo, anamnyima mwenzake chumba ambacho kingejengwa kwa fedha hiyo. Tukitaka Serikali iwe mwenye nyumba mwema, hapana budi nasi tuwe wapangaji wema.

Miaka michache ijayo sisi tusomao hapa tutakuwa makarani, wauguzi, mafundi na walimu, na wengi wetu tutaanza maisha katika chumba cha kupanga. Jambo hili si la wazee peke yao. Mwenye mawazo mengine na ayaandike katika toleo la muhula ujao, nami nitayasoma kwa furaha.