Mpe Dakika Zake

Mwezi huu tuyaache kidogo mambo ya meseji za usiku na michango ya harusi, tuingie uwanjani. Na kama wewe si mtu wa michezo usifungue ukurasa mwingine, yanakuhusu.

Kwetu Vingunguti ukisema mpira, watu wanajua ni Simba na Yanga. Lakini mtaje Hasheem Thabeet, kijana wa Dar na Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, uone kijiwe kitakavyochangamka. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies walimchagua wa pili kati ya wachezaji wapya wote, na Stephen Curry akachukuliwa wa saba. Basi hadi leo hukosi mtu wa kusema, “Alipewa nafasi akaichezea.”

Mimi nauliza, nafasi ipi? Mechi ya NBA ina dakika 48. Msimu wa kwanza Hasheem alipata kama 13 kwa mechi, nyuma ya Marc Gasol, na kuna wakati akapelekwa ligi ndogo. Msimu wa pili zikapungua zaidi. Mtu anayeingia akijua kosa moja litamrudisha benchi atatulia vipi?

Februari 2011 Memphis wakampeleka Houston, wakamchukua mkongwe Shane Battier, miaka 32. Huyu hana mbwembwe, pointi zake chache. Kazi yake ilikuwa kumkaba nyota wa timu pinzani na kuwapanga wenzake. Aprili 17 wakakutana na San Antonio Spurs, vinara wa Magharibi, kwenye mtoano. Zimebaki sekunde kama 24, Memphis wako nyuma 98–96. Battier akapewa mpira, akatupa pointi tatu kama yuko mazoezini. Memphis wakashinda 101–98, na mwisho wakawatoa Spurs 4–2.

Watu wakasema, huo ndio ukongwe. Sawa, lakini ukongwe ulitoka wapi? Battier alianzia Memphis hiyohiyo. Msimu wake wa kwanza, 2001–02, timu ilipoteza mechi 59, na bado yeye alicheza karibu dakika 40 kila mechi. Kabla ya usiku ule Memphis walikuwa wamecheza mechi 12 za mtoano katika historia yao na kufungwa zote. Battier alikuwapo. Ni kweli alitoka chuoni ameiva kuliko Hasheem, lakini utulivu ule ulilipiwa kwa dakika.

Sasa tugeukie nyumbani. Mnalalamika, “Mume wangu hajui kukaa na watoto,” au “Mke wangu hawezi kushika hela.” Amepewa dakika ngapi? Unamkabidhi mtoto Jumapili jioni, akikosea kufunga nepi unamnyang’anya. Unamwachia bajeti wiki moja, nyanya zikiisha mapema unarudisha pochi mfukoni. Halafu siku ya msiba au ya kufukuzwa kazi unataka awe Battier!

Kama wewe ndiye mkongwe wa nyumba, kaa karibu, mwelekeze, ila usimtoe uwanjani. Mwachie hesabu za mwezi mzima, na ule wa pili pia. Zikipungua, mle dagaa mkicheka, maisha yaendelee.

Tukutane mwezi ujao!