Kuuliza Kadi Si Utovu wa Adabu

Kila muhula unapoanza hapa Kampala, mwanafunzi mmoja au wawili miongoni mwetu huingia chuoni wakiendesha skuta kuukuu iliyong'arishwa. Tunaizunguka, tunapapasa kiti, tunampongeza mwenzetu kwa kuipata kwa bei ya kutupa. Muhula ukifika katikati, skuta hiyo huwa imeegemezwa ukutani nyuma ya hosteli, na mwenyewe amerudi kupanda boda boda. Mimi ni mmoja wao. Siandiki ili nihurumiwe. Naandika kuupinga ushauri mbaya tunaopeana sisi kwa sisi.

Ushauri wenyewe huwa hivi: angalia bei, sikiliza injini, lipa haraka kabla hajatokea mwingine, kwa maana kizuri chajiuza. Methali hiyo siibezi, lakini katika biashara ya vyombo vilivyotumika, kinachojiuza mara nyingi ni rangi mpya.

Skuta hasa ndiyo yenye hila. Pikipiki ya kawaida, kama zile Bajaj Boxer zilizojaa vijiweni mwetu, iko uchi: injini unaiona, mnyororo unauona, fremu unaiona. Skuta imevaa kanzu ya plastiki. Ndani ya kanzu hiyo fremu yaweza kuwa imepinda au imechomelewa baada ya ajali. Badala ya mnyororo kuna mkanda wa mpira, nao umefungiwa ndani ya kasha. Waweza kuchakaa bila kupiga kelele yoyote ya kukuonya. Magurudumu yake ni madogo, hivyo kila shimo la barabarani huipiga kwa nguvu kuliko linavyoipiga pikipiki kubwa. Mtu anayetazama skuta kwa nje anatazama nguo tu.

Yangu niliinunua kwa shilingi 1,900,000, na sehemu ya fedha hizo ilikuwa karo. Muuzaji alikuwa rafiki wa binamu yangu. Nilipofika nilikuta injini imeshapata moto. Akasema ameiwasha mapema ili nisisumbuke. Kumbe injini yenye moto huficha ugumu wa kuwaka, na huweza kuficha moshi pia. Kesho yake asubuhi ilitoa moshi wa buluu, dalili ya oili inayoungua ndani. Katika miezi mitatu nililipa 120,000 za mkanda na rola zake, 180,000 za tairi mbili, 90,000 za betri, na 350,000 za pistoni, ringi na ufundi. Jumla 740,000. Skuta ya bei ya kutupa ikawa imenigharimu 2,640,000.

Hata hayo ningeyavumilia. Lililonimaliza ni kadi ya umiliki. Jina lililoandikwa humo halikuwa la muuzaji. Niliiona siku ile ile, nikataka kuuliza, nikanyamaza. Niliogopa kuonekana namshuku ndugu. Baadaye nikagundua kuwa mwenye jina aliiuza zamani, aliyenunua akaiuza tena, na hakuna aliyebadilisha umiliki. Mwenye jina sikumpata. Nimeiuza kama vipuri, kwa 800,000.

Kwa hiyo nasema wazi: kinachotufilisi ni haya kuliko ujinga. Wengi wetu tunajua la kuuliza, ila tunaona kuuliza ni kumvunjia mtu heshima. Lakini ni heshima gani hii inayomtaka mnunuzi afumbe macho na muuzaji ahesabu noti? Muuzaji mwaminifu haudhiki ukimwomba kadi na kitambulisho, wala ukilinganisha namba ya chasisi na ya injini na zilizo kwenye kadi. Anayeudhika amekwisha kukujibu.

Wapo watakaosema kwamba maskini hana nafasi ya kuchagua. Kinyume chake! Tajiri akikosea atanunua nyingine. Sisi tukikosea tunakosa mtihani kwa sababu ya karo. Wengine watasema, "Peleka fundi." Sawa, lakini fundi yupi? Fundi anayepewa asante na muuzaji baada ya biashara kufanyika hana sababu ya kukuambia uache. Mtafute wako, mpatane ujira kabla, na umlipe ujira ule ule hata akisema usinunue. Mwagize muuzaji asiiwashe kabla hamjafika. Omba plastiki ya ubavuni na kasha la mkanda vifunguliwe. Soma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kisha jumlisha matengenezo yote kwenye bei, na hiyo jumla ndiyo bei. Muuzaji akikataa mojawapo, nenda zako.

Sisemi kila skuta iliyotumika ni hasara. Mwenzetu mmoja alinunua ya mwalimu mstaafu: rangi imepauka, kiti kimeshonwa mara mbili. Siku alipoileta hakuna aliyeizunguka. Lakini kadi ilikuwa na jina la mwalimu huyo, naye alieleza mwenyewe kila alichobadilisha na kila kilichokaribia kuchoka. Huu ni mwaka wa pili, na inamleta darasani kila asubuhi.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumekariri kwamba kuuliza si ujinga. Tunaiandika methali hiyo kwenye insha na kupewa alama. Tukifika mbele ya muuzaji, tunaisahau. Muhula ujao mtu ataleta skuta inayong'aa. Kabla ya kumpongeza, tumwombe atuonyeshe kadi.