Kwanza, Kuanguka
Mtoto wa Kinama, mtaa wetu wa Bujumbura, anayeanza judo hafundishwi kwanza kumbwaga mtu. Hufundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mkono unapiga mkeka kofi ili mgongo usiumie. Hayo tumeyarithi kwa Jigoro Kano, mwalimu aliyeanzisha shule ya judo ya Kodokan mwaka 1882 ndani ya hekalu la Tokyo, kwenye mikeka 12 tu. Kano alisisitiza kunufaishana: asipokuwepo wa kukubali kubwagwa, hakuna anayejifunza. Gichin Funakoshi wa Okinawa naye aliwakataza wanafunzi wa karate kuanza ugomvi. Mtaani kwetu, ambako vita vya miaka ya 1990 viliwatenganisha majirani, nayapokea mafundisho hayo kwa uzito. Wazazi, msiulize rangi ya mkanda pekee. Ulizeni pia mtoto alimwinua nani leo baada ya kumbwaga.