Tovuti ya keki: ilipiwe tena au iachwe?



Swali la juma hili limetoka kwa mama mwenzetu wa hapa Muhumba, anayepika keki za arusi na za sikukuu ya kuzaliwa. Mwaka jana alitengenezewa tovuti na kijana mmoja. Sasa mwaka umeisha, kijana anataka malipo mengine, na pesa iliyoko nyumbani ni ile ya shule ya watoto. Mama anauliza: "Sijapata hata mteja mmoja aliyesema ameniona kwenye tovuti. Nilipe tena au niache?"

Tuliifungua kwa simu ya kawaida, jinsi mteja angeifungua. Ilichelewa hata mmoja wetu akaenda kugeuza ndizi jikoni, akarudi, bado. Shida ni picha. Keki zenyewe zinapendeza sana, ila kila picha imewekwa jinsi ilivyotoka kwenye simu, na picha moja ya simu za siku hizi ina mega tatu, nne au zaidi. Pale ziko kumi na mbili. Mteja anaziangalia kwa mega alizonunua kwa pesa yake, basi anafunga kabla hajaona hata keki moja. Dawa yake haigharimu kitu: jitumie picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kisha chukua ile iliyofika. WhatsApp yenyewe huipunguza uzito. Na picha tano nzuri zinatosha.

Tukatafuta bei. Hakuna, wameandika "Wasiliana nasi". Ninaelewa, sisi wa Nyawera tumezoea kumtazama mnunuzi usoni kwanza ndipo tutaje bei. Lakini mtu wa kwenye simu hana uso wa kutazama, na asipoona bei anafikiri ni ya matajiri, anapita. Andika bei ya chini kabisa ya kila aina. Iandike kwa dola, na useme kwamba franka zinapokelewa kwa kiwango cha siku hiyo, la sivyo utakuwa unasahihisha kila mara.

Anwani imeandikwa "Ibanda, Bukavu". Ibanda ni komini nzima! Hapa kwetu mtu anaelekezwa kwa geti, kwa duka, kwa kona. Andika hivyohivyo, halafu uiweke biashara kwenye ramani ya Google. Ni bure, Google itakuomba tu uhakikishe kwamba biashara ni yako, mara nyingi kwa video fupi. Mgeni aliyeshuka kwenye boti kutoka Goma akiandika "gâteau Bukavu" kwenye simu yake, ramani ndiyo hutokea juu. Kwangu mimi, ramani inatangulia tovuti. Na hayo maneno "gâteau de mariage" yaandikwe kwenye ukurasa kwa herufi, Kifaransa na Kiswahili pamoja, yasiwe ndani ya picha tu, maana wengi hapa hutafuta kwa Kifaransa.

Namba ya simu inaanza na sifuri. Mteja aliyeko Cyangugu, ng'ambo ya Ruzizi tu, akiipiga hivyo kwa laini ya Rwanda hatakupata. Weka +243. Vilevile mtoto aliyeko Ubelgiji anayetaka kumwagizia mama yake keki hapa Bukavu. Na ukitaja saa za kazi, sema ni saa za Bukavu, kwa kuwa tunaitangulia Kinshasa kwa saa moja.

Keki haipandi pikipiki kwenye barabara zetu, kila mtu anajua. Basi ielezwe wazi: unapeleka mpaka wapi, na gari la Panzi au Bagira analipa nani. Avansi ni kiasi gani, na inalipwa siku ngapi kabla ya arusi. Kama unapokea kwa M-Pesa au Airtel Money, andika jina litakalotokea kwenye simu ya mteja anapotuma. Watu wameibiwa sana. Wakiona jina tofauti, hawatumi.

Sasa lile la kulipa. Tulipomwuliza mama jina la tovuti limeandikishwa kwa nani, hakujua. Limeandikishwa kwa yule kijana, kwa barua pepe yake, na neno la siri analo yeye. Maana yake ni kwamba mama amejenga duka kwenye kiwanja cha mwingine. Siku kijana akienda Kampala kutafuta maisha, mlango umefungwa. Kwa hiyo asitoe hata dola moja kabla jina halijahamishiwa kwake na neno la siri halijawa mkononi mwake. Kijana akikataa, aachane naye: katalogi ya WhatsApp Business, iliyoko tangu 2019, inabeba picha, bei na maelezo bila malipo, na pesa ya shule inabaki salama.

Akikubali, mama alipe mwaka mmoja, arekebishe hayo yote, na aweke daftari karibu na jiko. Kila anayeagiza aulizwe, "Umenipata wapi?" na jibu liandikwe.

Kijana ameambiwa aje Jumamosi. Tutawaeleza alivyojibu.