Mnampima Nini Mtoto wa Kambi Muru?

Mtoto wa Kambi Muru, hapa Kibera, akianguka mtihani wa kompyuta, utasikia hana kichwa cha hesabu, au wazazi wake hawajali masomo. Nakataa! Kwanza nijibiwe: muhula mzima, vidole vyake viligusa kibodi kwa dakika ngapi?

Mwaka 2013 muungano wa Jubilee ulimwahidi kila mtoto wa darasa la kwanza kipakatalishi. Ahadi ikageuka tableti, zikaanza kugawanywa 2016, na zaidi ya milioni moja zikapelekwa shule za msingi za umma. Za umma! Hapa Kibera, sawa na Kawangware, shule za umma ni chache na zimefurika, kwa hivyo maelfu ya watoto husomea shule za mabati zilizoanzishwa na makanisa, majirani na walimu wenyewe. Serikali inazijua, mwongozo wa kuzisajili iliutoa 2015. Wakati wa kugawa tableti, ikazipita.

Matokeo yake ni mwalimu kuchora kibodi ubaoni, watoto wakinakili. Kisha mwishoni mwa sekondari, mtihani wa kompyuta wa KCSE unamtaka mwanafunzi aketi mbele ya mashine afanye kazi, tena awasilishe mradi alioujenga mwenyewe. Kazi hiyo haikaririwi. Mkono huizoea kwa kukosea na kurudia, na kukosea kunahitaji muda. Mtoto wa Lavington, mtaa wa kitajiri jirani kabisa na Kawangware, anao muda huo nyumbani kila jioni. Wa kwetu anaununua sayba, kwenye kompyuta za kukodi, dakika kwa dakika, kwa pesa ambazo mama aliyeshinda akifulia watu nguo alizitenga za unga. Stima ikipotea, somo limekwisha. Na msichana? Hata sayba hafiki, kwa sababu akitoka shule anangojwa na mitungi ya maji na mdogo wake wa kubeba.

Mwaka 2022 Kenya ilijisifu kwa kuidhinisha mtaala wa kuandika programu shuleni. Mtaala bila mashine ni dharau kwa watoto hawa, na alama wanazopewa baadaye ni za umaskini wa kwao.

Wizara ya Elimu itangaze, shule kwa shule, kila mwanafunzi alikaa kwenye kompyuta saa ngapi muhula uliopita. Shule za mabati ziwe ndani ya hesabu hiyo, na ndizo zipelekewe mashine kwanza, pamoja na mwalimu aliyefunzwa na stima iliyolipiwa.